Chupa za mkonge zikiharibika: kusoma dalili kabla ya kugusa homoni

Mche wa mkonge ukigoma ndani ya chupa, mkono wa kwanza hukimbilia homoni: ongeza BAP (homoni ya kuchochea machipukizi), punguza BAP, badili aina ya agari (kigandishi cha midia). Mara nyingi kosa halipo hapo. Liko kwenye maji, kwenye pH, kwenye otoklevu (chombo cha kuulia vimelea kwa mvuke wa shinikizo) iliyobakiza hewa ndani, au kwenye kibano ambacho hakikuungua vya kutosha. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya maabara ndogo za mkoa wa Tanga, kuanzia mjini hadi Muheza na Korogwe, zinazozalisha miche ya mkonge chotara 11648 kutoka kwenye vikonyo (vichipukizi vya juu ya mlingoti wa maua) au maotea. Midia, yaani chakula cha mmea ndani ya chupa, inayozungumzwa ni ile ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962, ambayo kila mtu anaiita MS. Ilibuniwa kwa ajili ya tishu za tumbaku, na mkonge unaikubali vizuri. Shida ni kwamba mkonge haukimbii kama tumbaku, kwa hiyo kosa la leo linaweza kujitokeza baada ya wiki nne, wakati aliyechanganya midia ameshasahau alichofanya.

Ndiyo maana mambo mawili yaandikwe kabla ya chupa yoyote kutupwa: dalili imeonekana siku ya ngapi, na iko sehemu gani ya chupa. La tatu ni chupa tupu. Kila ukipika midia, acha chupa tano bila mmea, ziweke kwenye chumba cha kukuzia kwa siku tano hadi saba, na nyingine zote zisubiri majibu yake. Zikichafuka, kosa ni la upishi. Zikibaki safi na zenye mimea zikachafuka, kosa ni la mmea au la mikono. Bila chupa tupu utabaki unabahatisha.

Uchafu

Tuseme umepika chupa sitini, na kufikia siku ya tatu karibu zote zina ukungu au utelezi, pamoja na zile tupu. Hiyo ni otoklevu. Geji inaonyesha shinikizo, haionyeshi joto. Hewa ikibaki ndani pamoja na mvuke, sindano itasimama kwenye kilo 1.05 kwa sentimita ya mraba huku joto likiwa halijafika nyuzi 121. Acha mvuke utoke kwa nguvu, mfululizo, kwa dakika saba hadi kumi kabla ya kufunga vali au kuweka uzito. Kwa chupa zenye mililita 30 hadi 50, dakika 15 hadi 20 zinatosha, zikihesabiwa tangu joto lilipofika 121 na siyo tangu ulipowasha jiko. Chupa ya lita nzima inahitaji kama dakika 30, kwa sababu katikati yake huchelewa kupata moto. Wanaotumia sufuria ya presha ya nyumbani wajue kwamba nyingi hazifiki 121. Ongeza muda, tumia chupa ndogo, na usizibananishe. Utepe unaobadilika rangi unasema tu kwamba chupa imepitia joto. Hausemi kwamba vimelea vimekufa.

Kuna kosa dogo linalofanana na hilo. Mtu ana haraka, anafungulia mvuke kwa ghafla, midia inachemka na kulowesha pamba au kifuniko. Pamba iliyolowa sukari ni njia ya ukungu, na ndani ya wiki utauona ukishuka kutoka juu. Otoklevu iachwe ipoe yenyewe.

Ukungu ukiota juu ya midia mbali na mmea, kwa doa moja au mawili, kati ya siku ya nne na ya kumi, umetoka hewani au kwenye kifuniko. Angalia kabati la hewa safi: liwashwe dakika 20 kabla ya kazi, kichujio cha mbele kifuliwe, na feni ya dari izimwe. Msimu wa masika kuta za vyumba vingi vya pwani huota ukungu wenyewe, na hakuna kabati litakalokuokoa kama ukuta wa nyuma yake umeshakuwa mweusi. Ukungu ukionekana kwenye chupa za shelfu moja tu, ukifuata njia kutoka chupa hadi chupa, tafuta sisimizi na utitiri. Utitiri hauonekani kwa urahisi bila lenzi, lakini hupenya nyuzi za kifuniko na kubeba mbegu za ukungu miguuni. Simamisha miguu ya shelfu ndani ya vikopo vyenye mafuta, zungushia vifuniko plastiki nyembamba ya kufungia chakula, na chupa zilizoambukizwa zipikwe kwenye otoklevu zikiwa zimefungwa. Anayezifungua ili atazame amezisambaza.

Bakteria wana tabia nyingine. Utelezi ukifuata mstari wa kipande kilipokokotwa juu ya agari, vyombo ndivyo vilivyochafua. Spiriti ya asilimia 70 haiui mbegu za bakteria wa jamii ya Bacillus. Huweza kukaa kwenye kikombe cha spiriti kwa miezi, zikisubiri kibano. Spiriti hiyo ibadilishwe kila siku ya kazi. Ukiitengeneza kutoka kwenye spiriti ya asilimia 96, pima mililita 73 na jaza maji hadi 100. Kibano na kisu vichomwe motoni kila baada ya kipande kimoja, halafu vipoe. Na tafadhali, meza iliyotoka kupuliziwa spiriti isisogelewe na moto mpaka ikauke.

Utelezi kama maziwa unaotoka kwenye kitako cha kipande chenyewe, wiki mbili au tatu baada ya kupanda, ni habari tofauti. Hao wanaishi ndani ya mmea, na hakuna kuosha kutakakowafikia. Mkonge ni mgumu hapa kwa sababu majani yake yamejikunja kwa kubanana na kila tabaka limeficha udongo. Chagua vikonyo vya juu kwenye mlingoti badala ya maotea yaliyogusa ardhi, na chukua mmea mama usio na madoa ya majani. Ugonjwa wa madoa unaojulikana kwa jina la Korogwe hushambulia sana chotara 11648, na jiki haiondoi kilichomo ndani ya tishu.

Kusafisha kwenyewe kufanywe hivi: menya majani ya nje mpaka kibaki kiini cha sentimita mbili hivi, osha kwa sabuni chini ya bomba linalotiririka kwa dakika 30, tumbukiza kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika moja, kisha kwenye jiki iliyopunguzwa hadi asilimia 1.5 kwa dakika 20, ukiitikisa. Kama chupa ya jiki imeandikwa 3.5, changanya mililita 43 za jiki na 57 za maji, na tone mbili za sabuni ya maji. Suuza mara tatu kwa maji yaliyopitia otoklevu, dakika tano kila mara, kisha kata tena kingo zilizopauka. Jiki iliyokaa juani dukani hupoteza nguvu bila kubadilika sura. Nunua chupa ndogo ndogo. Vaa glavu wakati wa kumenya, maana utomvu wa mkonge unawasha, na mtu anayejikuna hawezi kufanya kazi safi.

Viuavijasumu, kama sefotaksimu ya miligramu 250 kwa lita, viwe hatua ya mwisho. Huwazuia bakteria bila kuwamaliza, na ukiacha kuviweka wanarudi. Haviwekwi kwenye midia kabla ya otoklevu: hupitishwa kwenye kichujio cha mikroni 0.22 na kuongezwa midia ikiwa imepoa hadi nyuzi 50 hivi.

Midia yenyewe

Chupa tupu zimebaki safi lakini midia imekuwa uji. Wengi huongeza agari, na mara nyingine ni sahihi: gramu 7 hadi 8 kwa lita ni kawaida, na agari ya bei nafuu huhitaji zaidi. Lakini pima pH kwanza. Ikiwa chini ya 5, agari huvunjika wakati wa kupikwa na haitaganda hata uongeze nini. Lengo ni 5.7 hadi 5.8 kabla ya otoklevu, ukijua kwamba itashuka kidogo baada ya kupikwa. Pima baada ya kuweka sukari, chumvi na homoni zote, lakini kabla ya agari, kwa sababu agari huganda kwenye ncha ya kipimo. Kipimo chenyewe kisawazishwe asubuhi kwa myeyusho wa 4 na wa 7. Kikipewa wa 7 peke yake kitasoma vizuri karibu na 7 na kukudanganya kwenye 5.

Midia ikitoka na rangi ya chai iliyokolea, umepika mno na sukari imeungua. Agari pia hudhoofika kwa kupikwa mara mbili, kwa hiyo midia iliyobaki isirudishwe kwenye otoklevu.

Mashapo yanahitaji kutazamwa kwa makini. Unga mweupe chini ya chupa ya akiba (myeyusho uliokolezwa wa kuchanganyia midia) maana yake kalsiamu imekutana na salfeti au fosfeti vikiwa vimekolea. Havikai pamoja. Kwa akiba yenye nguvu mara 20, chupa ya kwanza iwe na gramu 33 za nitrati ya amonia na gramu 38 za nitrati ya potasiamu kwa lita. Ya pili gramu 8.8 za kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili, peke yake. Ya tatu gramu 7.4 za salfeti ya magnesiamu yenye maji saba na gramu 3.4 za fosfeti ya potasiamu. Unachukua mililita 50 za kila moja kwa lita ya midia, na kila moja inaingia kwenye maji mengi yanayokorogwa. Ukimimina zote tatu kwenye kikombe kikavu halafu ndipo uongeze maji, umetengeneza chokaa.

Soma lebo ya kopo vizuri. Kloridi ya kalsiamu isiyo na maji ina kalsiamu nyingi zaidi kwa kila gramu: badala ya miligramu 440 kwa lita unahitaji 332. Salfeti ya magnesiamu kavu ni 181 badala ya 370. Kopo jipya likinunuliwa mahali pengine, kosa hili huingia kimya kimya, na midia ya mwezi mzima huwa na kalsiamu iliyozidi kwa theluthi.

Mashapo ya rangi ya kutu ni ya chuma. Yanatokea pale salfeti ya chuma ilipoyeyushwa bila kushikwa na EDTA (kemikali inayozuia chuma kisizame), au pH ilipopanda juu ya 6. Yeyusha gramu 7.46 za EDTA ya sodiamu kwenye maji ya moto, gramu 5.56 za salfeti ya chuma kwenye maji mengine, mimina chuma ndani ya EDTA huku ukikoroga, acha ipoe, jaza hadi lita. Rangi inayofaa ni ya manjano inayong'aa. Mililita tano kwa lita zinatosha. Chupa iwe ya kahawia au ifungwe karatasi ya fedha, maana mwanga huiharibu.

Akiba ya nitrati ikitoa fuwele kwenye friji usiitupe. Iache ipate joto la chumba, itikise mpaka fuwele ziishe, ndipo upime. Ukipima juu ya fuwele, midia yako ina njaa ya naitrojeni.

Maji ni somo la peke yake. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, na maji ya bomba ya Tanga mjini, yanayotoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, hubadilika na mvua. Hata yakionekana safi hayafai kwa midia. Tumia maji yaliyokenekwa, na mtambo wa kukeneka uondolewe magadi mara kwa mara. Kipimo cha upitishaji umeme ni cha bei ndogo na kitakuokoa: maji mazuri yako chini ya mikrosimensi 5 kwa sentimita. Maji ya betri ya dukani wengine huyatumia. Yapime kila dumu, upitishaji na pH, kwani madumu yanafanana na yale ya asidi.

Mmea una dalili, midia ni nzima

Kipande kikiwa cheusi na midia kukizunguka ikageuka kahawia ndani ya siku mbili tatu, hizo ni fenoli zinazotoka kwenye jeraha. Si uchafu, ingawa hutupwa kama uchafu. Kata kwa kisu kipya, haraka, na vipande vikae kwenye maji safi yenye miligramu 100 za asidi ya askobiki na 150 za asidi ya sitriki kwa lita mpaka zamu yake ya kupandwa. Weka gizani siku tano za kwanza, hamisha kwenye midia mpya baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki. Mkaa wa maabara wa gramu moja hadi mbili kwa lita unasaidia, lakini unafyonza pia homoni. Ukiweka mkaa kwenye midia ya kuzidisha machipukizi, halafu ukalalamika kwamba BAP haifanyi kazi, lawama si ya BAP.

Majani yakiwa manene, yanayovunjika, yanayoangaza kama kioo na kujaa maji, usifurahie unene wake. Miche hiyo haitavumilia nje. Chanzo huwa ni kimoja kati ya vinne: BAP iliyozidi, agari laini, kifuniko kinachobana unyevu, au amonia nyingi. Anza na kinachogharimu kidogo. Punguza BAP kwa nusu (kama ulikuwa kwenye miligramu 3 kwa lita, nenda 1.5), panda agari hadi gramu 8.5, na tumia kifuniko chenye tundu dogo lililozibwa kwa pamba au kichujio. Matone yakijaa juu ya kifuniko, taa ya shelfu ya chini inachemsha chupa za juu yake. Acha nafasi ya hewa au weka LED. Ikishindikana ndipo ukate nitrati ya amonia kwa nusu. Badili kitu kimoja kwa mzunguko mmoja, vinginevyo hutajua kilichosaidia.

Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa ikabaki kijani, rudi kwenye chuma. Majani ya zamani yakiwa ya njano kuanzia ncha, midia imeisha nguvu, umechelewa kuhamisha. Wiki nne ni za kutosha, tano kwa shida. Vyote vikipauka pamoja, angalia mwanga: saa 16 kwa siku, luksi 2,000 hadi 3,000 kwenye usawa wa majani.

Kisichochipua kabisa, kijani na kizima, mwezi wa pili sasa? Hapo ndipo homoni inaulizwa, lakini anza na akiba. BAP haiyeyuki kwenye maji tu. Miligramu 100 huyeyushwa kwa matone machache ya hidroksidi ya sodiamu ya nguvu ya 1 (1 N), kisha hujazwa hadi mililita 100, na mililita moja hubeba miligramu moja. Chembe nyeupe zikibaki chini, ulichopima si ulichoandika. BAP na IBA (homoni ya mizizi) huvumilia otoklevu vya kutosha. Asidi ya jibereliki, homoni nyingine, huharibika, kwa hiyo huchujwa. Angalia pia ulichopanda: kipande kisicho na kiini cha kuotea kitakaa kijani na kufanya kalasi (donge la seli lisilo na umbo), bila chipukizi hata moja. Na kalasi iliyochochewa kwa homoni ya 2,4-D isitumiwe kuzalisha miche ya shamba, kwa sababu miche inayotoka humo huweza kutofautiana na mama.

Umeme ukikatika

Chumba kiwe nyuzi 25, mbili juu au chini. Januari hadi Machi chumba kilichofungwa bila kiyoyozi hupita 32 kwa urahisi, hasa taa zikiwa kwenye betri na kiyoyozi hakipo. Zima taa, mkonge hudhurika zaidi na joto kuliko na giza la siku mbili. Jambo lisiloonekana ni lile la umeme kurudi: hewa ya ndani ya chupa inapopoa hunywea, na chupa hunyonya hewa ya chumba. Ukungu unaoibuka siku ya tano baada ya umeme kukatika umeingia hivyo. Usilaumu upishi wa wiki iliyopita.

Miche ikifa baada ya kutolewa

Mizizi hutoka kwenye MS ya nguvu nusu yenye IBA ya miligramu 0.5 hadi 1, na mara nyingine bila homoni yoyote. Miche ikioza kitakoni ndani ya wiki ya kwanza nje, agari haikuoshwa vizuri. Ina sukari, na udongo una ukungu unaoisubiri. Osha kwa maji ya uvuguvugu mpaka vidole visiteleze. Ikinyauka bila kuoza, umeitoa kwenye unyevu kwa ghafla. Ifunike plastiki siku 10 hadi 14, ukipasua tundu kidogo kidogo kila baada ya siku mbili, chini ya kivuli.

Ncha zikikauka na kuwa kahawia ingawa unyevu upo, kagua makumbi ya nazi uliyochanganya na mchanga. Makumbi ya pwani, hasa yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya kamba, yamebeba chumvi nyingi. Yaloweke kwenye maji matamu, yamwage, rudia mara tatu au nne, na upime maji ya mwisho kwa kile kile kipimo cha upitishaji: yakishuka hadi karibu na yale uliyolowekea, makumbi yako tayari kupandwa.